Nilimpa Mgeni Ufunguo wa Kifua, Ndama Wakaanza Kufa

Nina umri wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, na kwetu ni Maretadu, wilaya ya Mbulu. Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akinitaja darasani, jibu ninalijua, lakini sauti inagoma kutoka. Natazama chini mpaka aite mwingine. Ndiyo maana naandika. Yale ambayo mdomo unayakataa, mkono unayakubali.

Haya ninayowaandikia, ndugu wasomaji, sijawahi kuyasimulia yote kwa mdomo. Nikijaribu, naishia katikati. Lakini nikinyamaza, mwingine atapita pale pale nilipopita mimi. Niiteni Paskalina. Na majina ya wengine nimeyabadilisha.

Yote yalianza kwa utepe wa fundi cherehani.

Kwetu karibu kila nyumba ina ng'ombe, lakini hakuna nyumba yenye mizani ya kumpimia. Na ukitaka kumpa ng'ombe dawa ya minyoo lazima ujue uzito wake. Ukipunja, minyoo inabaki. Ukizidisha, unaweza kumuua, hasa ndama. Baba anasema zamani wataalamu wa serikali walikuja na dawa yao na kila kitu chao. Siku hizi dawa ziko madukani, ziko mnadani, ziko mpaka nyuma ya pikipiki za watu, na kila mtu anapima kwa macho.

Mwalimu Rashidi, aliyetufundisha fizikia, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku kwenye baridi yetu, ndiye aliyetuambia kwamba ukizungusha utepe kwenye kifua cha ng'ombe, nyuma tu ya miguu ya mbele, unaweza kukadiria uzito wake kwa hesabu. Darasa zima lilicheka. Wavulana wakasema mwalimu anataka kuwashonea ng'ombe suti.

Mimi sikucheka. Likizo ile niliazima utepe wa mama, nikapima ng'ombe wetu, nikapima wa majirani, Baba akishika pembe na kulalamika kwamba binti yake amechanganyikiwa. Wale waliopelekwa mnadani niliwafuata hadi kwenye mizani ya mnadani nilinganishe. Sikuongea na mtu. Nilipima tu.

Shule ilipofunguliwa Mwalimu Rashidi alinifundisha kuandika programu kwenye kompyuta ya maabara. Nikaandika maelekezo mafupi: wewe unaingiza mzunguko wa kifua, kompyuta inakupa kilo. Nikayaita Kifua. Mwalimu akaniambia, “Paskalina, hiki usikifungie. Tukiweke kwenye intaneti wazi, mtu yeyote akichukue bure akitumie ndani ya programu yake. Ni kama unga. Wewe umesaga, mwingine apike ugali, mwingine apike uji.” Akasema vitu vya namna hiyo vinaitwa programu huria, na kipande kama changu, ambacho wengine wanajengea juu yake, wenye kompyuta wanakiita maktaba. Maktaba isiyo na kitabu hata kimoja! Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kwenye ukurasa wa Kifua kulikuwa na nafasi ya kuweka namba ya simu. Mimi sikuwa na simu. Nikaweka ya mama. Sikumwambia...

Nilidhani nimemaliza. Kumbe kuandika ndiyo ilikuwa raha, kazi yenyewe ni kutunza! Watu walianza kuniandikia. Mmoja alitaka na mbuzi wawemo. Mwingine alisema kwenye simu yake ya zamani Kifua kinakwama. Mwingine alinionyesha kosa ambalo lilinifanya nifunike uso kwa daftari. Nikawa narekebisha, natoa toleo jipya, najibu, nashukuru. Na mjue jambo moja: kwa mtu wa aibu kama mimi, ile ilikuwa paradiso! Watu waliniheshimu bila kuniona. Waliniita “mkuu”. Mimi, ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani namtuma mdogo wangu!

Siku moja bwana mifugo wa kata yetu alipita nyumbani na simu yake. Alimpima fahali wa Baba, akabonyeza, akasoma kilo. Niliitambua ile hesabu. Ndani ya aplikesheni yake kulikuwa na Kifua! Baba akamsifu, “Siku hizi mna akili nyingi.” Bwana mifugo akajibu kwamba hivi vitu vinatengenezwa na wataalamu wakubwa huko mjini. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kibuyu cha maziwa. Nilisema nini? Nilikipeleka kibuyu ndani.

Halafu Mwalimu Rashidi akahamishwa. Aliniachia laptop yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni, na modemu yake ndogo ya intaneti. Akaniambia nitafute mtu wa pili wa kusaidiana naye, kwa sababu kazi ya watu wengi haifai kukaa juu ya kichwa kimoja. Aliniambia nitafute mtu. Hakuniambia mtu wa namna gani.

Mtu alikuja mwenyewe.

Alijiita Dani. Aliniandikia kwanza kurekebisha kosa dogo, na alirekebisha vizuri. Akarudi tena. Akawa anajibu maswali ya watu mimi nikiwa shambani. Siku moja akanisalimia kwa Kiiraqw, Kiiraqw cha nyumbani kabisa, si cha kujifunza. Akasema kwao ni Mbulu ila yuko Arusha, anauza dawa za mifugo. Akaniita mdogo wangu. Nikamwita kaka. Uso wake sikuwahi kuuona. Lakini jamani, mtu anayeongea lugha ya mama yako unamshuku vipi?

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Dada yangu Veronika ameolewa Tlawi. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuja kutusalimia, mvua ikashika, barabara ikawa tope tupu, na uchungu ukamkamata kabla ya wakati wake. Baba alikimbia kutafuta gari. Gari lilipopatikana, mtoto alikuwa ameshazaliwa ndani ya nyumba yetu. Hakulia... Nilimshika miguu. Miguu midogo ya baridi.

Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumshika.

Kwa Wairaqw, msiba wa namna hii ukitokea ndani ya nyumba, nyumba ile inaingia kwenye metimani, yaani inajitenga na watu mpaka isafishwe. Ni mambo ya wazee, na si kila mtu anayafuata siku hizi, lakini kwetu bibi yupo, na bibi akiwepo yanafuatwa. Hatukuenda nyumba za watu, shule nikaiacha kwanza, na watu hawakuja kwetu. Ng'ombe wetu hawakuchanganyika na wa wenzetu. Maji tulichota mahali petu peke yetu. Baba, ambaye husoma masomo kanisani, alisema haya ni ya zamani na Mungu ni mmoja. Lakini hakuvuka ua! Wote tulikuwa tunaogopa. Kwa sababu wanasema ukiivunja metimani kabla haijasafishwa, kifo kile kile kinarudi. Kinamfuata mama yule yule. Dada Veronika alikuwa anakaa karibu na moto, maziwa yakimtoka bila mtoto, anatuangalia wote kana kwamba anatuomba, msinivunjie.

Jioni moja nilimuuliza bibi, kwa kuzungukazunguka, kama ni vitu vya mkononi tu ndivyo havitoki. Akasema, “Kitu cha nyumba hii kisivuke ua.” Nikauliza, na kama ni kitu kisichoshikika? Kama... maneno? Bibi akanitazama.

“Hata pumzi,” alisema.

Nilienda kukaa nyuma ya nyumba na laptop ya Mwalimu magotini. Palikuwa na watu wananisubiri, mmoja wa Babati, mmoja wa Singida, wanataka marekebisho. Na mimi nikawaza: Kifua kinatoka nyumba hii. Nikitoa toleo jipya leo, linakwenda kwenye simu za watu, kutoka kwenye simu linakwenda kwa ng'ombe wao. Mikono hii iliyoshika ile miguu ya baridi ndiyo inayoandika! Je, nikiwapelekea watu kifo kwenye mazizi yao? Je, nikimrudishia dada yangu kifo?

Mnaweza kunicheka. Nasoma fizikia na biolojia. Lakini mtu akiogopa, fizikia inakaa mbali sana.

Nikamwandikia Kaka Dani. Sikumweleza kwa undani, niliona aibu. Nilisema tu nyumbani kuna metimani. Akajibu haraka, “Pole sana mdogo wangu. Hapo usiguse kitu kabisa. Unajua mwenyewe mambo ya kwetu. Nipe ufunguo, nitakuangalizia mpaka mmalize.”

Ufunguo ndiyo ile haki ya kubadilisha Kifua na kukisambaza. Ningeweza kumpa haki ya msaidizi tu. Lakini nilitaka kisiwe changu kabisa! Nilitaka kitoke kwenye nyumba yetu, kiwe cha nyumba nyingine, safi. Nikampa nyumba nzima, mlango na kitasa. Nikafunga laptop. Na nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mtoto afe.

Nililala vizuri... Ee Mungu wangu!

Wiki zikapita. Mahindi yakapanda mpaka kiunoni. Asubuhi moja nilikuwa napepeta maharage, mama akatoka ndani na simu yake ameishika mbali na mwili kama ameshika nyoka.

“Paska, kuna mwanaume anakutaka. Anakuita mwenye kifua. Huyo ni nani?”

Nilitamani ardhi ipasuke! Baba akaacha jembe. Bibi akaacha kusuka. Nikapokea ile simu, nikasema shikamoo.

Yule mtu hakuitikia. Alisema yuko upande wa Hanang. Alisema amempima ndama wake kwa simu ya jirani, akampa dawa kama simu ilivyosema, na ndama ameanguka, ametoa mapovu, amekufa. “Namba yako iko humu,” alisema. “Niambie wewe ni nani. Niambie ulikuwa unafanya nini na ng'ombe za watu.” Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Nilikata simu. Ndiyo, nilikata! Nilirudisha kwa mama nikasema amekosea namba.

Ikalia tena. Mama akatazama ile namba, akanitazama mimi. Ikalia mpaka ikanyamaza.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba na laptop. Kwenye programu huria kila badiliko linabaki limeandikwa, nani kafanya na kafanya nini. Nilisoma mabadiliko ya Kaka Dani moja moja. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa safi... mpaka nikafika mstari mmoja. Mstari mmoja tu! Aliongeza kilo arobaini juu ya kila mnyama.

Fahali mkubwa ukimwongezea kilo arobaini, nani atajua? Hata bwana mifugo hawezi kujua. Lakini ndama ana kilo ngapi? Kuna ndama wana hizo hizo arobaini! Kwa hiyo ndama alikuwa anapewa dawa ya ndama wawili.

Nilijaribu kuufuta ule mstari. Kompyuta ikanikatalia. Sina ruhusa. Nikajaribu tena. Sina ruhusa. Kitu nilichokipima kwa utepe wa mama, na sina ruhusa!

Nikamwandikia Dani, vidole vikikosea herufi. Alijibu mchana ule. Alisema nitulie. Alisema wafugaji wanapunja dawa, ndiyo maana minyoo haifi, na yeye ndiye anayeuza dawa kwa hiyo anajua kuliko mimi. Nikamwambia ndama wanakufa. Akaandika, “Ndama hufa kila siku mdogo wangu. Wewe maliza metimani yenu.”

Baada ya hapo hakujibu tena. Alinifungia.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo baya zaidi. Baba alikuwa ametaja kwenye chakula kwamba kesho kuna zoezi la dawa ya minyoo kwenye josho la kijiji. Ng'ombe wote na ndama wote. Sisi tu hatuendi. Na atakayewapima ni bwana mifugo, kwa ile simu yake.

Nilimpigia kwa simu ya mama. Haipatikani. Nikamtumia ujumbe. Haukufika. Nikapiga mpaka chaji ikaisha. Kumwambia Baba? Ningeanzia wapi? Kwamba yule mtaalamu mkubwa wa mjini ni mimi? Kwamba nimetoa kitu cha nyumba hii nje ya ua? Sauti ilikwama pale pale inapokwama siku zote.

Asubuhi nikasikia kengele. Ng'ombe wa majirani wanateremka kwenda joshoni, ndama wakilia nyuma ya mama zao. Nilisimama uani. Mbele yangu kulikuwa na ule ua, fito na miiba tu, hata mbuzi anaweza kuuruka. Nikageuka nikamwona dada Veronika mlangoni. Aliniona ninavyoangalia nje.

“Unakwenda wapi?”

“Joshoni.”

“Paska, usifanye hivyo.” Alisema polepole sana. “Paska, mdogo wangu. Nakuomba.”

Nilimwambia ndama watakufa. Akaniuliza, “Na wangu?” 

Ndugu wasomaji, mngefanya nini? Niambieni! Mpaka leo namuuliza kila mtu kimoyomoyo, mngefanya nini?

Niliruka.

Josho liko mbali kidogo, njia inateremka. Nilifika napumua kama mbwa. Watu walikuwa wengi, vumbi, kelele, fimbo. Wa kwanza kuniona alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu. Akavuta watoto wake. “Huyu ni wa nyumba ya metimani! Asisogee! Asisogee kwenye maji!” Watu wakagawanyika pande mbili. Nikabaki katikati peke yangu, na mimi kitu ninachokiogopa kuliko vyote duniani ni watu wengi wakiniangalia.

Bwana mifugo alikuwa na sindano mkononi. Na mnajua nilisema nini? Nilisema shikamoo! Nimekimbia kilima kizima kuja kuzuia vifo, na neno la kwanza ni shikamoo.

“Marahaba,” alisema. “Sasa rudi kwenu.”

“Simu inadanganya,” nilisema. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi, ilitoka kama ya mtu mwingine: “Simu inadanganya! Inazidisha kilo! Dawa itaua ndama!”

Kijana mmoja anayeitwa Boay, mchekeshaji wa kijiji, akasema, “Simu kudanganya si habari. Hata mchumba wangu ananidanganya kwa simu hiyo hiyo!” Wakacheka. Bwana mifugo hakucheka. Aliniambia hii ni kazi ya wataalamu, akaniuliza kwani nimeiandika mimi?

“Nimeandika mimi,” nilisema.

Wakacheka zaidi! Machozi yalikuwa yananitoka, lakini nilimwona ndama mweusi aliyekuwa anasubiri zamu, na hapo nikapata wazo. Nikamwomba bwana mifugo ampime yule kwa simu. Akapima ili anifukuze vizuri. Simu ikasema kilo tisini na kidogo. Nikamgeukia Boay, maana kazi yake ni kupakia magunia kwenye malori.

“Kaka Boay, gunia la mahindi ni kilo mia. Mbebe huyo ndama. Utuambie kama ni gunia.”

Boay akamkumbatia ndama miguu yote, akamwinua mabegani, akazunguka naye kama anacheza harusini. Halafu akasimama. Akaacha kucheka. “Bwana mifugo,” alisema, “huyu ni nusu gunia na kidogo tu. Ni kama kubeba mwanamke mwembamba.”

Bwana mifugo aliangalia simu, akaangalia ndama. Akatazama nyuma, kwenye ndama aliokwisha kuwapa dawa asubuhi ile. Walikuwa wachache. Mmoja alikuwa ameshaanza kutetemeka. Alikuwa wa Mzee Tluway, jirani yetu wa upande wa juu. Ndama yule alipiga magoti, akatoa mapovu, akalala.

Zoezi likasimamishwa. Ndama waliobaki walirudi nyumbani wazima. Wengi, wengi sana. Mngedhani nilibebwa juu!

Mzee Tluway alikuwa amepiga magoti karibu na ndama wake. Akainua uso. Hakumwangalia bwana mifugo. Aliniangalia mimi. “Huyu alikuwa anasimama,” alisema. “Huyu alikuwa anasimama mpaka binti huyu alipofika.”

Na watu wakarudi nyuma hatua nyingine.

Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imeshafika kabla yangu. Sikupigwa. Ilikuwa afadhali nipigwe. Nilieleza yote, Baba akisikiliza mdomo wazi. Bibi aliingia ndani, hakutaka kuniona. Mama ndiye aliyesema, na alisema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake: “Bibi yako alikuambia ufunge! Kufunga na kugawa ni kitu kimoja? Mtu akifiwa anafunga zizi lake. Nani alikuambia mfiwa anampa mpita njia zizi zima na ng'ombe wake?”

Kweli, nani aliniambia?

Wazee walikaa. Metimani yetu ikaanzishwa upya kutoka mwanzo, kwa sababu yangu. Watu wa Tlawi walimchukua dada Veronika baada ya usafisho mrefu, na shemeji hakushuka kwenye pikipiki kutusalimia. Dada aliniaga kwa macho tu. Alisema neno moja, “Ungemtuma mtu.” Nimelifikiria sana neno hilo. Ningemtuma nani? Nyumba ile ile, ua ule ule...

Mwalimu Rashidi nilimpata kwa simu. Hakunigombeza. Alinionyesha kwamba kwa kuwa Kifua ni huria, ninaweza kuchukua nakala ya zamani, iliyo safi, nikaianzisha kwa jina jipya. Nimefanya hivyo. Sasa funguo ziko kwa watu watatu, na wote tunajuana kwa sura, na badiliko halitoki bila mwingine kulisoma. Tuliwaandikia wenye aplikesheni mmoja mmoja. Wengine wamehama. Bwana mifugo amehama, na nilipokutana naye aliniitikia shikamoo yangu kwa kuvua kofia, jambo lililonifanya nikimbie. Yule baba wa Hanang nilimpigia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Basi, mwanangu,” akakata. Sijui alimaanisha nini.

Lakini kile Kifua cha kwanza bado kipo. Dani bado anacho. Siwezi kukifuta. Na juu yake, jina la kwanza kabisa ni langu.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana mnaotengeneza vitu vya watu wengi... mkichoka, pumzikeni. Mkifiwa, lieni. Fungeni mlango na muandike juu yake wazi: nimesimama, nyumbani kuna msiba, nitarudi. Watu watasubiri, na asiyesubiri atajitafutia. Mimi niliona aibu kuandika sentensi hiyo moja. Nikaona rahisi kumpa mtu nisiyemjua sura, kwa sababu alinisalimia vizuri na mimi nilikuwa naogopa. Msimpe mtu kitu kwa sababu mnaogopa! Hofu haichagui mtu, inachagua aliye karibu.

Bibi anasema niliyoyafanya joshoni hayajaisha. Baba anasema Mungu huangalia moyo. Mimi sijui yupi ni mkweli, na nawapenda wote wawili.

Dada yangu ana mimba tena. Si yeye aliyeniambia, nimesikia kwa watu wa mnadani. Nimekatazwa kwenda Tlawi mpaka ajifungue, na sitakwenda, safari hii sitavuka kitu. Naamka nimekunja ngumi. Nikisikia pikipiki inapanda kutoka upande huo, natoka mpaka uani kuitazama.

Mimi sijui kuomba kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo nawaomba ninyi kwa kuandika. Usiku mkisali, mtajeni dada yangu. Jina lake la kweli sikuliandika hapa. Mungu analijua.